WARAKA KWA WANACHAMA: TUSOME DAWA ZOTE ZA MZEE KABLA YA KUMWANDIKIA NYINGINE

Kwenda kwa: Wanachama wote (madaktari, matabibu, wauguzi, wafamasia, wateknolojia wa dawa na watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu)
Kutoka kwa: Katibu, Kamati ya Taaluma
Yah: Kupunguza dawa zisizowafaa wagonjwa wazee

Ndugu wanachama,

Waraka huu hauleti fomu mpya ya kujaza. Una ombi moja: mzee anapoketi mbele yako, usimwandikie wala usimpe dawa mpya kabla hujaziona kwa macho na kuzisoma dawa zote anazotumia, za kliniki, za dukani na za nyumbani. Ukishazisoma, jiulize: hili analolalamikia leo, haliwezi kuwa limeletwa na mojawapo ya hizi?

Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 3 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, mengi yamesemwa kuhusu mzee kupishwa kwenye foleni, na vituo vingi sasa vina dirisha la wazee. Hayo ni mema. Kilichobaki ni kile anachokabidhiwa akishafika dirishani.

1. Mfuko wa bibi mmoja

Tumchukue mgonjwa ambaye kila mmoja wetu anamjua, ingawa si mtu mmoja. Bibi wa miaka 78, kilo 45, ana presha na sukari, na magoti yanamsumbua. Mwombe aumwage mfuko wake mezani. Zitatoka bahasha za karatasi zilizoandikwa "1x2" bila jina la dawa, vipande vya vidonge vilivyokatwa na mkasi, na chupa isiyo na lebo. Ukizipanga utapata dawa nane: amlodipini, diklofenaki, furosemidi, omeprazoli, amitriptilini, glibenklamidi, aspirini, na Piriton iliyobaki tangu mafua ya msimu wa mvua.

Sasa fuata zilivyoingia. Magoti yalipouma, mjukuu alimnunulia diklofenaki duka la jirani. Ikamsaidia, akaendelea nayo. Diklofenaki hubakiza chumvi na maji mwilini na kupandisha presha. Kliniki wakaona presha imepanda, wakaongeza amlodipini kutoka miligramu 5 hadi 10. Kwa dozi hiyo vifundo vya miguu vikavimba, jambo linalojulikana sana kwa amlodipini. Kituo kingine wakaona miguu imevimba, wakampa furosemidi. Furosemidi ikamwamsha usiku kwenda haja ndogo. Akalalamika kwamba halali na miguu inawaka moto, akaandikiwa amitriptilini. Tumbo likaanza kuchoma kwa sababu ya diklofenaki, ikaja omeprazoli. Usiku mmoja akainuka kwenda chooni akiwa na kizunguzungu, akaanguka, akavunjika mkono. Alipofikishwa hospitali akachomwa sindano ya kutuliza maumivu. Ya diklofenaki.

Ukiisoma kila karatasi peke yake huoni kosa. Presha imepanda, imetibiwa. Miguu imevimba, imetibiwa. Usingizi haupo, umetibiwa. Kila mmoja wetu alitibu alichokiona siku ile, na hakuna aliyeusoma mfuko mzima. Paula Rochon na Jerry Gurwitz walilieleza jambo hili kitaalamu miaka ya 1990: madhara ya dawa ya kwanza yanachukuliwa kuwa ugonjwa mpya, yanapewa dawa ya pili, nayo inazaa la tatu. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, lakini kwa mzee, dawa ya dawa mara nyingi ni kuiondoa ile ya kwanza. Bibi huyu angeachishwa diklofenaki na amlodipini ikarudishwa miligramu 5, huenda dawa tatu nyingine zisingekuwa na kazi.

Kuna hesabu nyingine ya kukumbuka. Dawa mbili zina njia moja ya kugongana. Tano zina njia 10. Nane zina njia 28. Hakuna kati yetu anayeweza kuzibeba njia 28 kichwani huku foleni imefika getini.

2. Kwa nini mzee hasa

Figo huchoka kadiri umri unavyosogea, na kipimo chetu cha kawaida huficha hilo. Kreatinini hutoka kwenye misuli, na mzee aliyekonda ana misuli michache, kwa hiyo jibu la maabara laweza kuonekana zuri wakati figo haziko vizuri. Tumieni kanuni ya Cockcroft na Gault ya 1976: toa umri kwenye 140, zidisha kwa uzito, gawanya kwa 72 mara kreatinini ya miligramu kwa desilita, na kwa mwanamke zidisha kwa 0.85. Bibi yetu ana kreatinini ya miligramu 1, yaani maikromoli 88 kwa lita, jibu ambalo kila maabara italiita la kawaida. Hesabu inatoa karibu mililita 33 kwa dakika. Msichana wa miaka 28 mwenye kilo 60 na kreatinini ileile ana karibu mililita 79. Karatasi ya maabara ni sawa; figo ni tofauti kwa zaidi ya mara mbili.

Mafuta mwilini nayo huongezeka na maji hupungua, hivyo dawa zinazopenda mafuta hukaa muda mrefu. Diazepamu, ile ambayo wengi bado wanaiita Valium, hupungua kwa nusu katika takriban saa 20 kwa kijana wa miaka 20. Kwa mtu wa miaka 80 yaweza kuchukua karibu saa 90. Anayemeza kidonge kila usiku analala na kidonge cha jana, cha juzi na cha siku iliyotangulia juzi. Ubongo wake pia huhisi dawa hizi kwa ukali zaidi, na mishipa yake haiharakishi kupandisha presha anaposimama.

3. Dawa za kuangaliwa kwanza

Wenzetu wa nje wameshaandaa orodha. Daktari Mark Beers wa Marekani alitoa ya kwanza mwaka 1991 kwa ajili ya wazee waliokuwa wakitunzwa katika nyumba za wazee. Leo inasimamiwa na chama cha madaktari wa wazee cha nchini humo, ambacho kilitoa toleo jipya mwaka 2023. Ireland ndiko ilikoanzia orodha ya STOPP/START, iliyotoka 2008 na kufikia toleo la tatu mwaka 2023. Baadhi ya dawa zilizomo hatuna, na hakuna haja ya kukariri kurasa zote. Zifuatazo ziko kwenye kabati zetu kila siku.

Diklofenaki na ndugu zake, ibuprofeni na meloksikamu zikiwemo. Ni hatari hasa kwa mzee anayetumia kaptoprili, enalaprili au losartani pamoja na dawa ya kukojoza. Dawa hizo tatu zikikutana, figo zinaweza kugoma ndani ya siku chache, hasa akiharisha au akitapika. Anza na parasetamoli, kwa dozi isiyozidi gramu 3 kwa siku na pungufu zaidi kwa aliye chini ya kilo 50. Jeli ya kupaka, fimbo ya kutembelea na mazoezi ya kuimarisha mapaja pia ni tiba ya magoti, na tuziandike kwenye daftari kama tunavyoandika vidonge.

Glibenklamidi. Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani imeiwekea angalizo kwamba haifai kwa aliyevuka miaka 60. Hukaa muda mrefu mwilini, hasa figo zikichoka, na inashusha sukari hata siku ambayo mzee hakula. Sukari ikishuka kwa mzee haiji kila mara na jasho na kutetemeka. Huja kwa kuongea ovyo, kuduwaa, kulala asiamshike. Nyumbani watasema karogwa, na sisi tutaandika kiharusi. Pima sukari ya kidole kabla ya kuandika lolote. Gliklazidi ni salama zaidi ikipatikana, na metformini inafaa figo zikiruhusu: dozi ipunguzwe uchujaji ukishuka chini ya mililita 45, iachwe ukishuka chini ya 30. Wanachama wa Pwani, Tanga na visiwani, tuzungumze na wazee hawa kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Mzee aliyenuia kufunga atafunga, na ni heri afunge tukiwa tumeshabadilisha dawa na saa za kumeza.

Dawa za usingizi na zinazokausha mwili: diazepamu, amitriptilini, Piriton, promethazini, benzheksoli. Huleta kuchanganyikiwa, kukauka mdomo, choo kigumu na kuanguka. Mzee mwenye tezi dume akipewa Piriton ya mafua anaweza kuja kesho yake na kibofu kilichojaa, hawezi kutoa hata tone. Mafua yenyewe yangepona bila hiyo.

Metoklopramidi, tunayoiita Plasil. Ikitumiwa siku nyingi huleta kutetemeka na kukakamaa kunakofanana kabisa na ugonjwa wa Parkinson. Kabla ya kumwanzishia mzee dawa ya kutetemeka, uliza kama anatumia dawa ya kichefuchefu.

Aspirini ndogo "ya kulinda moyo". Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, au kiharusi cha mshipa kuziba, aendelee nayo. Mzee ambaye hajawahi kuugua hivyo ni suala jingine. Utafiti wa ASPREE uliochapishwa 2018, uliofuatilia watu 19,114 nchini Australia na Marekani, wengi wao wenye miaka 70 na zaidi, haukuona kwamba aspirini iliwaongezea miaka ya kuishi bila ulemavu. Iliwaongezea kutoka damu.

Omeprazoli inayotolewa mwaka hadi mwaka. Kwa vidonda na kiungulia cha kawaida, wiki 8 hutosha. Ikipitiliza, kuwe na sababu iliyoandikwa.

4. Kupunguza si kumnyima

Nasisitiza hili kwa sababu waraka wa aina hii unaweza kusomwa vibaya. Hatuambiani kwamba mzee ameshakula chumvi ya kutosha, basi aachwe. Utafiti wa HYVET wa 2008 uliwachukua watu 3,845 wenye miaka 80 na zaidi waliokuwa na presha ya juu. Waliotibiwa walipungukiwa na vifo vya sababu zote kwa asilimia 21, na viharusi vilielekea kupungua kwa karibu asilimia 30. Presha ya mzee inatibika na yafaa itibiwe. Orodha ya Ireland yenyewe ina pande mbili: vigezo 133 vya dawa za kuepuka, na vigezo 57 vya dawa ambazo mzee anastahili na mara nyingi hapewi. Mwenye maumivu apate dawa ya maumivu. Mwenye sukari asiachwe bila tiba kwa sababu tumeiogopa glibenklamidi. Kusoma mfuko kunaweza kumalizika kwa kuongeza dawa, na hilo nalo ni sawa ikiwa sababu ipo.

5. Jinsi ya kuondoa

Ondoa moja kwa wakati mmoja, ili likitokea jambo ujue limetokana na nini. Anza na inayodhuru zaidi au isiyo na sababu inayojulikana. Diazepamu ya muda mrefu, atenololi, propranololi, prednisoloni na dawa za kifafa zisikatwe ghafla. Kwa diazepamu, punguza robo ya dozi kila baada ya wiki mbili, na mwishoni taratibu zaidi. Mpangie siku ya kurudi, na umwambie ni dalili zipi zimrudishe mapema.

Kisha kuna kazi ngumu kuliko zote, nayo ni maneno. Mzee wetu hupima matibabu kwa uzito wa mfuko anaotoka nao. Mwanawe aliye mjini ametuma nauli na anasubiri simu aambiwe amepewa nini. Ukimwondolea kidonge bila kumweleza, atakwenda kukinunua, na atakuwa na haki ya kusema umembania kwa sababu anatibiwa bure. Tumjibu kwa adabu ya lugha yetu. "Shikamoo bibi. Hiki cheupe unakinywea nini?" "Cha miguu, baba." "Miguu ilianza kuvimba lini, kabla ya dozi ya presha kuongezwa au baada?" Mara nyingi bibi mwenyewe atapata jibu kabla yako. Ndipo unaposema: "Basi tuijaribu miguu bila hiki kwa wiki mbili, nikuone tena tarehe fulani." Neno la kujaribu lina nafasi yake, maana humwachia mlango wa kurudi.

Maelezo yana nguvu kuliko tunavyodhani. Katika jimbo la Quebec nchini Kanada, utafiti wa EMPOWER uliochapishwa 2014 uliwapa wazee waliozoea dawa za usingizi za jamii ya diazepamu kijitabu cha kueleza hatari zake na namna ya kuziacha polepole. Baada ya miezi sita, asilimia 27 walikuwa wameziacha kabisa, dhidi ya asilimia 5 ya wasiopewa. Karatasi na maneno ya kueleweka, basi.

6. Kila kada na sehemu yake

Madaktari wa hospitali: unapomruhusu mzee, andika kwenye karatasi ya ruhusa sababu ya kila dawa na siku ya kuimaliza. Omeprazoli aliyoanzishiwa akiwa wodini itafuatana naye mpaka kaburini ikiwa hukuandika ikome lini.

Matabibu wa zahanati na vituo vya afya: najua wengi mnasita. "Mkubwa ameandika, mimi nani nifute?" Piga simu, au andika maoni yako kwenye daftari la mgonjwa na kumrudisha kwa aliyemwandikia. Hatari ikiwa ya leo, kama sukari iliyoshuka, mwenye wajibu ni wewe uliye naye mbele yako. Na kila mwezi unapoandika "endelea", ujue umezipitisha dawa zote kwa jina lako.

Wauguzi: mpimeni mzee presha akiwa ameketi, kisha ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, mwandishi wa dawa aelezwe kabla mgonjwa hajaondoka. Kipimo hicho hakigharimu chochote, na chaweza kumwepusha mzee na kuvunjika nyonga.

Wafamasia na wateknolojia wa dawa: bahasha iwe na jina la dawa, kazi yake na dozi kwa maneno. "Amlodipini, ya presha, kimoja asubuhi" hailemei kalamu. Bohari ikileta dawa ileile yenye chapa tofauti, mwelezeni mzee, la sivyo atameza ya zamani na mpya pamoja.

Watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu: tangu mpango wenu ulipoanzia Ruvuma mwaka 2003, ninyi ndio mlio karibu na mzee kuliko wote. Anayeagiza dawa ya maumivu kwa ajili ya bibi au babu aulizwe mambo matatu: ana miaka mingapi, anatumia dawa ya presha au ya kukojoza, amewahi kuwa na vidonda vya tumbo au shida ya figo? Jibu moja la ndiyo latosha kumuuzia parasetamoli na kumwelekeza kituoni. Najua mauzo ni mauzo. Lakini mteja aliyelazwa naye hanunui.

Sote: ulizeni dawa za mitishamba bila kukunja uso. Mzee anayehisi atasutwa hatasema. Na madhara yanayoshukiwa yapelekwe Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kwa utaratibu wake wa kutoa taarifa. Tusipotoa taarifa, wenye kupanga orodha ya taifa wataamini kwamba wazee wetu hawadhuriki.

7. Tunachokubaliana kufanya

Kwanza, kila mzee mwenye dawa tano au zaidi mfuko wake usomwe wote angalau kila baada ya miezi sita, na kila anapotoka kulazwa au anapohama kituo. Siku ya kliniki itangazwe mapema: njooni na kila mnachomeza. Pili, kila dawa mpya iandikwe pamoja na sababu na muda wake. Tatu, kila mgonjwa wa sukari aliyevuka miaka 60 na bado anatumia glibenklamidi aorodheshwe mwezi huu, na mganga mfawidhi aamue lini atabadilishiwa. Nne, kila kituo kije kwenye mkutano wetu ujao na mfuko mmoja uliosomwa, bila jina la mgonjwa: ulivyokuwa, kilichoondolewa, kilichoongezwa, na mzee alivyoendelea. Vituo ambavyo mzee hakuendelea vizuri vije pia, kwa kuwa huko ndiko tutakakojifunza zaidi.

Tutasema muda hautoshi, na kwa siku yenye wagonjwa sitini ni kweli. Anzeni na mzee mmoja kwa siku, yule mwenye mfuko mzito kuliko wote. Atakayepungukiwa na dawa tatu atarudi mara chache, familia yake itabakiwa na fedha ya chakula, na mwezi ujao foleni yenu itakuwa fupi kwa mtu mmoja.

Wenu katika kazi,
Katibu, Kamati ya Taaluma

Nakala: Ubao wa matangazo wa kila kituo